Ushauri: Mwenzetu katoka mahabusu baada ya miezi mitano, anaweza kudai fidia?

Mtondoo:
Wakuu habari za jioni. Mwenzetu aliyekuwa mstari wa mbele kwenye mgogoro wa ardhi kijijini kwetu katoka Alhamisi. Miezi mitano mahabusu, kosa halina dhamana, kila baada ya wiki mbili tunapanda gari kwenda kusikia "upelelezi haujakamilika". Alhamisi tukajua ni wimbo uleule, mara wakili wa Serikali akasimama akasema hawana nia ya kuendelea na shauri. Dakika tatu, kwisha.

Tangu hapo nyumbani kwake watu hawakauki. Wengine wanataka tuchapishe fulana, wengine tuchange tuishtaki Serikali tudai bilioni. Kabla ya kupelekwa mahakamani alikaa kituoni siku tisa. Simu yake bado wanayo. Je, sisi tunaomuunga mkono tunaweza kufungua kesi kwa niaba yake? Na kuna muda wa mwisho? Wanasheria mliomo humu, tafadhali.

Konda Mstaafu:
Mshukuruni Mungu katoka mzima. Serikali haishtakiwi, mtazeekea kwenye benchi la mahakama.

Joho Jeusi:
Inashtakiwa, mkuu. Ila Mtondoo, angalieni kwanza katokaje. Kesi ikiondolewa na upande wa mashtaka, kile tulichozoea kukiita "91" (kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai), mtu hajashinda. Anaweza kukamatwa tena kwa mambo yaleyale. Kwa hiyo fulana zisubiri.

Halafu msichanganye madai mawili. La kwanza ni kushtakiwa kwa hila. Tangu kesi ya Jeremiah Kamama ya 1983, mdai anatakiwa athibitishe yote haya kwa pamoja: mdaiwa ndiye aliyemshtaki, kesi iliisha kwa upande wake, hapakuwa na sababu ya msingi, kulikuwa na nia mbaya, na amepata hasara. Mtabanwa kwenye "iliisha kwa upande wake". Watawaambia imeondolewa tu.

La pili ni zile siku tisa, na mimi ningeanzia hapo. Sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na hata kwa makosa makubwa, mapema iwezekanavyo. Siku tisa wataziita mapema? Hati ya mashtaka ina tarehe. Tafuteni na shahidi wa siku aliyokamatwa.

Muda sasa. Madai ya madhara kwa kawaida ni miaka mitatu, lakini fidia kwa jambo lililofanywa kwa jina la sheria ni mwaka mmoja. Hesabuni huo mwaka mmoja, tena tangu siku ya kukamatwa. Kabla ya kufungua kesi Mahakama Kuu, Serikali inapewa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Miezi mitano imekwenda, mitatu ya notisi, mmebaki na minne.

Binti Sefu:
Si aende Arusha tu?

Joho Jeusi:
Arusha ipi, dada? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, mtu binafsi hapeleki tena kesi dhidi ya Tanzania. Tamko la Serikali lililoruhusu hilo liliondolewa Novemba 2019, na mlango ukafungwa rasmi Novemba 2020. Ya Afrika Mashariki iko wazi, wala haidai umalize kwanza mahakama za nyumbani, ila inatoa miezi miwili tu tangu tukio. Na hawana huruma na tarehe: kina Omar Awadh, waliolalamikia kukamatwa na kupelekwa Uganda, waliambiwa wamechelewa, 2013. Siku tisa zenu huko zimeshapitwa.

Nilisahau la kufungua kwa niaba. Kesi za haki za msingi, marekebisho ya 2020 yalimtaka mleta shauri aape kiapo kueleza yeye binafsi ameathirika vipi; kama sharti hilo bado lipo, muulizeni wakili. Ila aliyewekwa ndani si kikundi. Ni yeye.

Mama Nuru:
Samahani naingilia, sijui sheria. Mume wangu yalimkuta haya. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa, nikakopa sufuria kwa jirani. Wiki ya tatu nimebaki napima unga kwa kikombe, na yeye anashtuka kila gari likisimama nje. Mmemuuliza kama anataka kesi? Mkewe mmemuuliza? Na apelekwe hospitali wiki hii, makaratasi ya daktari yatunzwe. Sisi tulichelewa, makovu yakawa yamepona.

Konda Mstaafu:
Hapo kwa Mama Nuru nanyamaza. Simu aiombe kwa barua, nakala igongwe mhuri. Ukidai kwa mdomo wanakuambia njoo kesho.

Mtondoo:
Mrejesho. Tumekwenda leo watatu tu. Ametusikiliza, akauliza simu kwanza: ndani kuna picha za mawe ya mipaka kabla hayajang'olewa. Bilioni hata hakuzigusa. Shemeji ndiye aliyetushangaza. Aliingia ndani akatoka na kalenda ya ukutani, tarehe zote kaziandika nyuma kwa kalamu, kuanzia usiku waliokuja kumchukua, nani alikuwepo, chakula alichopeleka kituoni kila siku na aliyekipokea.

Jamaa kasema siku tisa zile anazitaka, mengine atafikiri. Kesho hospitali, Jumatatu kwa wakili. Hela ya fulana imekuwa nauli.

Joho Jeusi:
Hiyo kalenda ipigeni picha leo. Yenyewe msimwachie mtu.