Boti ya familia Lamu, ya matembezi na ya kuvulia: futi ngapi, injini gani?

Mwana wa Langoni
Asalaam alaykum wakuu. Natafuta boti moja ya faiba ifanye kazi mbili. Kwanza kuchukua watu sita (wazazi, watoto watatu na bibi yao ambaye magoti yanamsumbua) hadi Manda Toto, na mara mojamoja Kiwayu. Pili, watu watatu kwenda kurambaza (kukokota chambo nyuma ya boti inayokwenda) nguru na jodari nje ya Shela. Zipo mbili sokoni: moja futi 19, tumbo bapa, na injini ya Yamaha Enduro 40 (nguvu za farasi 40), nyingine futi 23, tumbo la V, imeshatumika na haina injini. Hiyo ya 19 itatosha? Na nikichukua ya 23, niifunge injini mbili za 40 za kuchanganya oili (2-stroke), au moja kubwa ya petroli tupu (4-stroke)?

Tezini
Wa alaykum salaam ndugu yangu. Ya futi 19 ni chombo kizuri cha ndani. Shela, Matondoni, Kipungani, hata kupita mfereji wa Mkanda maji yakiwa machache, tumbo bapa linakufaa kwa sababu halitaki kina. Kinachoiharibia hesabu ni mlango wa Shela, pale unapotokea bahari kuu. Upepo wa kusi ukivuma huku maji yanapwa, mkondo unaotoka unakutana na wimbi linaloingia, na wimbi linasimama wima na kuvunjika. Tumbo bapa hapo linapiga kofi kila wimbi, na huyo bibi hataitaka safari ya pili. Hatari kubwa zaidi ni wakati wa kurudi: wimbi linainua tezi (nyuma ya chombo), omo (mbele) linachimba maji, na chombo kifupi kinageuka ubavu kabla usukani haujajibu.

Chukua ya 23, lakini pima mwinamo wa V yake kule nyuma kabisa, usidanganywe na omo kwa sababu omo la kila boti limechongoka. Nyuzi 15 hadi 18 nyuma ndiyo kadiri ya kazi zako mbili. Ikizidi 20 inakata wimbi vizuri, ila ukisimama kuvua changu kwa mshipi inalala huku na huku na watoto wanatapika. Upana usipungue futi 7.

Na hata kwa boti nzuri, panga safari kwa maji, si kwa saa ya ukutani. Toka mapema na urudi maji yakijaa. Ukiingia mlangoni, kaa mgongoni mwa wimbi na uende kwa mwendo wake, usilipite. Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) maji hupanda na kushuka karibu mita 3, kwa hiyo mkondo wa kupwa ni mkali zaidi kuliko siku za maji mafu (maji yanapopanda na kushuka kidogo).

Fundi wa Mashine
Nakubaliana na Tezini kuhusu bodi. Injini ipigiwe hesabu ya uzito, maana watu wengi hununua kwa kutazama nambari iliyoandikwa kwenye kofia ya injini.

Bodi ya futi 23 yenye usukani katikati ni kama kilo 700. Injini moja ya farasi 100 ya petroli tupu ni kilo 165 hivi. Petroli lita 100 ni kilo 75. Watu wako sita, watatu wakiwa watoto, kilo 320. Barafu, maji ya kunywa, nanga na minyororo, 120. Kivuli na fremu yake, 40. Jumla kilo 1,420, yaani kilo 14 kwa kila farasi. Hapo boti inapanda juu ya maji bila kuhangaika. Ukizidi kilo 18 kwa farasi inabaki imeinua omo na kulima bahari, na inakunywa petroli kama maji. Injini ya 60 kwenye mzigo huo inakupa 23, usijaribu.

Kiwayu ni kama maili 27 za bahari. Kwa mwendo wa maili 18 kwa saa ni saa moja na nusu. Ile 100 hapo inatumia lita 20 kwa saa, kwa hiyo lita 60 kwenda na kurudi, na lita 30 za akiba. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi.

Jambo jingine ni kurambaza. Utakaa saa nne au tano ukienda maili 6 hadi 8. Injini ya kuchanganya oili ikinguruma polepole muda mrefu plagi zinajaa masizi, inaanza kukohoa. Ya petroli tupu haina tabia hiyo, na haikujazi moshi puani.

Kaskazi Njema
Fundi, hesabu yako ni sahihi ila umeruka swali la Lamu: ikikwama Faza saa kumi jioni, nani ataifungua? Enduro 40 kila fundi wa kisiwa ameishika, na vipuri vinapatikana. Injini kubwa ya petroli tupu ina kompyuta. Ikizima kwa sensa hutaifufua kwa plagi na sandpepa. Mbili za 40 zina uzito wa kilo 146 tu, na moja ikifa nyingine inakurudisha.

Oili ni 50 kwa 1: mililita 400 kwa kila lita 20. Injini mpya, saa 10 za kwanza ni 25 kwa 1. Changanya kwenye dumu safi kabla ya kumimina, usimimine oili moja kwa moja kwenye tangi.

Fundi wa Mashine
Kaka, hoja ya vipuri ni ya kweli na sitaipinga. Lakini mbili za 40 zitakunywa lita 26 kwa saa kwa safari ileile, na tena ni kilo 17.5 kwa farasi. Moja ikifa, iliyobaki haipandishi boti juu ya maji. Atatambaa maili 6 kwa saa. Kazi hiyohiyo inafanywa na injini ndogo ya farasi 15 pembeni, yenye tangi lake na paipu yake. Tangi liwe lake kwa sababu injini nyingi huzima kwa petroli yenye maji kuliko kwa ubovu. Ukichangia tangi, zote mbili zinazima. Filta ya kutenganisha maji, ya maikroni 10, ni lazima.

Na matope ya mikokoni yanakula impela (feni ya pampu ya maji ya kupoza injini). Badilisha kila saa 100 au kila mwaka, chochote kitakachotangulia. Ukirudi, suuza injini kwa maji yasiyo na chumvi dakika 10. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imeshapitisha maji. Zinki (kipande kinacholiwa na kutu badala ya injini) ikiliwa nusu itoe, na usiipake rangi kamwe.

Mwana wa Langoni
Shukrani sana. Naona naelekea futi 23 na moja ya 100 pamoja na ndogo. Kwa kuwa imetumika, nikague nini?

Tezini
Anza ubao wa nyuma unaobeba injini, ndio unaooza kwa siri. Maji huingilia kwenye matundu ya bolti yasiyozibwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi kutoka juu hadi chini: sauti kavu ni nzima, sauti ya kufa ni mbao iliyolowa ndani. Halafu toa bolti moja, choma tundu kwa msumari. Msumari ukitoka na unyevu wa kahawia, punguza bei au uache. Gonga pia sakafu juu ya mataruma (mbavu za boti).

Urefu wa ubao huo uwe inchi 20 au 25, na shafti ya injini ilingane nao. Bapa lililo juu ya propela likae sawa na chini ya bodi, au inchi 1 chini yake. Likiwa juu zaidi propela inanyonya hewa kwenye kona.

Kivuli kiwe cha turubai la kukunja, si paa la faiba. Paa linashika upepo, na linazuia fimbo za kuvulia. Bibi umwekee kiti nyuma ya usukani, ndiko boti inakotikisika kidogo. Ukingo uwe sentimita 60 kutoka sakafuni kwa ajili ya watoto, na jaketi okozi zao ziwe za saizi yao.

Fundi wa Mashine
Kabla ya kulipa yote, funga injini, pakia mzigo kamili na ukanyage hadi mwisho. Mizunguko ifike kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Isipofika, propela inailemea injini, pichi yake (umbali inaosogea kwa mzunguko mmoja) ni kubwa mno. Kila inchi 1 ya pichi unayopunguza inarudisha mizunguko 150 hadi 200. Chukua ya aluminiamu, na uwe na ya pili ndani ya boti pamoja na nati na pini yake. Mafungu ya mchanga pale Manda yatakudai siku moja.