Mtoa dawa mpya afundishwe nini kwanza?

Muulizaji: Ndugu zangu, nina duka la dawa muhimu, na mtoa dawa wangu anakwenda mafunzoni. Ni jambo gani lisisitizwe zaidi, ikizingatiwa kwamba wateja wengi huomba nusu dozi ya amoksilini, yaani antibayotiki, dawa ya kuua bakteria?

Jibu la kwanza: Tangu mpango wa maduka ya dawa muhimu uanze mkoani Ruvuma mwaka 2003, ukichukua nafasi ya maduka ya dawa baridi (yaliyoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu), watoa dawa wameruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki, ndiyo maana kuyajua majina ya dawa pekee hakutoshi. Afundishwe kuuliza kabla ya kutoa: mgonjwa ni nani, ana umri na uzito gani, ni mjamzito, ameshatumia dawa gani. Mtoto anayepumua kwa shida au aliyepata degedege apelekwe kituo cha afya mara moja.

Jibu la pili: Naongeza kwamba anayeomba amoksilini kwa ajili ya mafua aelezwe kuwa mafua husababishwa na virusi, ambavyo amoksilini haiviui. Lakini, ndugu mwenye duka, usimpime kijana wako kwa mauzo ya siku, maana hataweza kumkatalia mteja anayeomba dawa isiyomfaa au nusu dozi hata afundishwe vizuri namna gani.

Muulizaji: Nashukuru. Na mwenye cheti cha daktari asiye na fedha za kutosha?

Jibu la kwanza: Mtoa dawa awasiliane na daktari aliyemwandikia mgonjwa, huenda ipo dawa ya bei nafuu, dozi isikatwe.