Ushauri nisiouomba kuhusu mibuni ya kihambani

Mwanauru

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu ushauri, na ninatambua kwamba ombi lenyewe lina kichekesho ndani yake.

Mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo, kwa mila yetu, kihamba cha marehemu baba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kilichopo Uru, kimebaki mikononi mwangu, ingawa mimi nafanya kazi mjini Moshi na mama ndiye anayeishi humo na kukihudumia. Mibuni iliyopo ni ya zamani, mchanganyiko wa aina za N39 na KP423, na kila msimu chulebuni (ugonjwa unaooza matunda ya kahawa) na kutu ya majani huondoka na sehemu kubwa ya mavuno. Mimi na mama tulikuwa tunaamua jambo moja tu: ama tung'oe mibuni yote kabla ya masika na kupanda miche chotara, ama tuikate visiki ichipue upya.

Krismasi ukoo wote ulipanda mlimani kuja nyumbani, kama ilivyo desturi yetu, nami nikamwuliza kaka yangu kama anamfahamu mtu mwenye miche. Kabla hajafungua kinywa, wengine walikwisha kunijibu. Baba mdogo, ambaye makazi yake ni Dar es Salaam, alianzia mwaka 1933 KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilipoundwa, akapitia mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vya ushirika, akahitimisha kwamba nijenge vyumba vya kupangisha. Yote aliyoyasimulia yalikuwa ya kweli, lakini hakuna hata moja lililonisaidia kujua kama nikate au ning'oe. Shemeji alisema nifuge nguruwe. Binamu alitoa simu akanionyesha mashine zikivuna kahawa huko Brazil, wakati kihamba chetu kina migomba, magimbi na miti ya kivuli iliyosongamana kwenye mteremko ambao hata toroli hupita kwa taabu.

Sipingi kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna aliyemwuliza mama, naye alikuwa amekaa palepale akimenya ndizi za mtori. Tangu hapo wananipigia simu kuuliza nimefikia wapi na "yale tuliyokuambia", na jioni zangu zinaishia katika kujitetea. Ninyi huwajibuje wakubwa wenu bila kuwavunjia heshima?

Mpitanjia

Pole sana, ndugu. Lakini hebu nikuulize, umeshafikiria parachichi? Aina ya Hass ina soko la nje, na watu wengi wa Kilimanjaro wameanza kuipanda. Ningekuwa wewe, ningeachana na kahawa kabisa.

Mwanauru

Ahsante. Nimekuweka kwenye orodha, chini ya nguruwe.

Bibi wa Old Moshi

Mwanangu, wagawe watu hao mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale ambao uamuzi wako utawagusa: mama yako, kaka zako kama wana haki yoyote katika ardhi hiyo, na jirani ambaye mfongo, yaani mfereji wa maji, unaomnyweshea shamba unapita kwako. Hao wasikilize hata kama hukuwaomba neno, kwa sababu ukikosea nao wataumia. Fungu la pili ni wale ambao, ukivuna au usivune, wao watakula ugali wao vilevile. Hao unawaambia, "Nimekusikia, baba mdogo, nitalifanyia kazi," kisha unawauliza habari za wajukuu. Mtu mzima akishasikilizwa, mara nyingi haja yake imekwisha. Wengine husema ili waonekane bado wana sauti nyumbani, hasa wale walioondoka siku nyingi.

Na kuhusu mama yako, wewe ndiye wa kumpa nafasi. Wakikupigia simu, waambie kwamba mwenye kauli ni yeye na wampigie yeye. Utaona simu zitakavyopungua.

Kijana wa Tengeru

Bibi, shikamoo. Naomba kutofautiana nawe kidogo. Ukisema "nitalifanyia kazi" unakuwa umekopa, na Pasaka watakuja kudai. Huku kwetu Meru nilipokuwa nikiamua kama niuze ng'ombe wa maziwa, nilichukua njia nyingine: kila aliyeleta wazo nilimwomba achangie gharama yake, kwa heshima zote. "Wazo lako ni zuri, mjomba, je, utanisaidia kiasi gani cha kuanzia?" Mjomba alikumbuka ghafla kwamba ana kikao.

Bibi wa Old Moshi

Marahaba. Hiyo ni njia ya vijana, nami siikatai, ila usiitumie kwa mjomba mwenye fedha.

Bwana Shamba mstaafu

Naona swali la kwanza la mwenzetu halijajibiwa hata hapa. Kukata kisiki huirudishia mibuni iliyochoka nguvu, lakini hakubadilishi mbegu: machipukizi ya N39 ni N39 ileile, na chulebuni itarudi. Ikiwa tatizo ni uzee, kateni. Ikiwa ni ugonjwa, badilisheni. Chotara zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, pale Lyamungu, zinastahimili chulebuni na kutu ya majani, ingawa wadudu bado watahitaji kuangaliwa.

Hata hivyo, kung'oa yote kwa mara moja kutamwacha mama bila kahawa ya kuuza kwa miaka miwili hadi mitatu. Anzeni na sehemu iliyoathirika zaidi, mchimbe mashimo ya futi 2 kila upande mapema, mchanganye udongo wa juu na samadi, kisha mpande mvua zikishatulia. Sehemu nyingine iendelee kuwalisha.

Mwanauru

Nashukuru sana, mzee wangu. Nimemsomea mama maelezo yako kwa simu. Amesema tuanze na upande wa juu, karibu na zizi, kwa sababu huko ndiko chulebuni ilikozidi na samadi haitabebwa mbali. Mashimo anataka yachimbwe na kijana anayemsaidia kukata majani ya ng'ombe. Je, migomba iliyopo kati ya mistari hiyo tuipunguze kabla ya kupanda, au ibaki kwanza kama kivuli cha miche?

Bwana Shamba mstaafu

Ibaki, ila kila shina liachiwe migomba isiyozidi mitatu, na majani makavu yatandazwe kuzunguka miche.