Mjadala: Fedha za kumtunza mtoto makaoni, zimlipie mzazi kodi ya chumba?

Hoja iliyo mezani: Arusha na Moshi kuna watoto wanaolelewa kwenye makao ya watoto ilhali mama au baba yuko hai. Mzazi alishindwa kodi, vyombo vikatolewa nje, mtoto akapelekwa makao, yeye akabaki kulala kwa ndugu. Je, fedha za matunzo zihamishiwe kwenye chumba cha mzazi ili mtoto arudi?

Mdau, Ngarenaro

Naunga mkono, ila wengi wanakosea kwenye kalenda. Wanalipa miezi mitatu, wanapunguza taratibu, halafu wanaacha. Mapato ya mji huu hayapandi taratibu. Aprili na Mei mvua za masika zinanyesha, wageni wa mlimani na mbugani wanapungua, na anayefua mashuka hotelini kwa kibarua anaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Muuza ndizi naye anakosa wateja, kwa sababu wateja wake ni hao hao vibarua.

Chukua chumba cha 40,000 kwa mwezi, mama aingie Septemba. Septemba hadi Novemba alipiwe yote, 120,000. Desemba hadi Februari nusu, 60,000, maana kazi ipo. Machi hadi Mei alipiwe tena yote, 120,000. Juni msaada ukome. Ongeza dalali, ambaye kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja: jumla 340,000. Godoro, chandarua, jiko na ndoo za maji vihesabiwe pembeni.

Fedha ziende kwa mwenye nyumba moja kwa moja, lakini mkataba na risiti viandikwe jina la mama, mjumbe akiwa shahidi. Risiti ikiandikwa jina la shirika, mama anahesabika mgeni wa shirika, na siku shirika likiondoka naye anatolewa. Isitoshe, mwenye nyumba akiona jina la shirika atapandisha kodi.

Mdau, Sekei

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 7, inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, isipokuwa mahakama iamue kwamba kuishi nao kutamdhuru. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo huo inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia. Kwa hiyo hili la kodi si hisani ya ziada.

Lakini makao hayana ruhusa ya kumkabidhi mtoto getini kwa sababu mama ameonyesha ufunguo. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayekagua chumba, anazungumza na mtoto faragha na kuandika ripoti. Kama mtoto aliingia kwa amri ya mahakama, faili lirudi Mahakama ya Watoto. Wanaoruka hatua hii wanamwacha mama bila karatasi yoyote, na baba akija kumchukua mtoto kwa nguvu, mama hana cha kuonyesha polisi.

Mdau, Pasua

Ndugu wa Ngarenaro, hesabu yako nzuri, ila chumba hakitibu pombe wala kipigo. Chumba ni kimoja, pazia katikati, na tuseme binti ana miaka 13. Mwanaume aliyemfanya binti aondoke akirudi mwezi wa pili baada ya binti kuhamia, nani atajua? Mtoto akirudishwa makaoni mara ya pili, hamwamini tena mtu mzima yeyote. Na jambo la pili: jirani akiona aliyempeleka mtoto makao ndiye anayelipiwa kodi, naye atampeleka wake.

Mdau, Ngarenaro

La jirani lina jibu: mfuko huo huo ulipe malimbikizo kabla vyombo havijatolewa nje. Miezi miwili ni 80,000, na mtoto haondoki kabisa.

Mdau, Kijenge

Mnasahau mtoto mwenyewe. Aanze na saa mbili za Jumamosi makaoni, kisha kutwa nzima chumbani kwa mama, kisha usiku mmoja, kisha wikiendi. Ahamie rasmi Desemba shule zikifungwa, na uhamisho pamoja na namba yake ya PREM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi, vishughulikiwe kabla walimu hawajaondoka likizo. Januari akifika shule mpya bila hivyo atazungushwa wiki nzima.

Usiku wa kwanza ndio mgumu. Amezoea kitanda chake, taa ya korido na milo mitatu kwa kengele. Chumbani analala ubavuni mwa mama, choo kiko ng'ambo ya uwanja, giza. Anakojoa kitandani, mama anadhani amekataliwa. Mama aambiwe mapema kwamba hali hii ni ya kawaida, apewe nailoni ya godoro na tochi. Vitu vya bei ndogo sana, na safari nyingi za kurudi nyumbani zinavunjika kwa kuvikosa.

Mdau, Pasua

Kwa utaratibu huo nalegeza, kwa sharti moja. Mwezi wa kwanza chumba kitembelewe kila wiki, bila taarifa, na mtoto aulizwe akiwa peke yake. Baadaye mara moja kwa mwezi hadi mwaka utimie. Afisa wa kata hana pikipiki wala mafuta. Bajeti yenye kodi ya miezi tisa na isiyo na nauli ya ufuatiliaji siiungi mkono, hata kama chumba kina vigae.