Tupeane uzoefu: gemu la Raji lilikuvunja moyo wapi?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu kuhusu Raji: An Ancient Epic, gemu la Nodding Heads Games ya Pune, India, lililotoka mwaka 2020. Msichana wa sarakasi anamsaka mdogo wake, Golu, aliyetekwa na mashetani, huku miungu ya Kihindu, Durga na Vishnu, wakisimulia safari yake kutoka juu. Nililisubiri kwa hamu, kwani magemu yanayochota visasili vya Kihindu ni machache mno yakilinganishwa na yale ya miungu ya Wagiriki, na majumba yake ya mtindo wa Rajasthan yalikuwa yamenipumbaza tangu picha za awali. Nilichokikuta ni mapigano yanayojirudia: unaingia uwanjani, njia zinafungwa, mashetani wanatokea, unawamaliza, njia zinafunguka. Kujizungusha kwenye nguzo na kushuka na pigo la trishuli, ule mkuki wa ncha tatu, kunanoga kweli, ila ukishalizoea pigo hilo huoni sababu ya kujaribu jingine. Nyinyi je?

Msomaji wa Kutani: Mkuu, mapigano niliyavumilia. Kilichoniudhi ni mwisho, kwa sababu hadithi inakatika pale pale inapoanza kukolea, na mtu aliyemsaka Golu tangu mwanzo anaachwa njia panda.

Mjukuu wa Mombasa: Nimekulia jirani na familia za Kigujarati, hivyo visa vya Durga nilivisikia wakati wa Navaratri, sikukuu ya Kihindu ya siku tisa, kabla sijashika pedi ya gemu. Kwangu, kilicho bora humu ni michoro ya ukutani: unasimama mbele yake, na sauti ya mungu inakueleza kisa kilichochorwa. Sehemu zinazosimuliwa kwa vikaragosi vya kivuli nazo ni kazi ya mikono yenye subira. Ndiyo maana niliumia zaidi, kwani watu waliojua kusimulia namna hiyo wametufanya tutumie muda mwingi kuchapana na mashetani wanaofanana. Sauti za Kihindi nazo zililetwa na toleo lililoboreshwa la mwaka 2022, ilhali zilistahili kuwemo tangu siku ya kwanza.

Fundi Mstaafu: Tuwe na haki kidogo, ndugu zangu. Uchangishaji wa fedha mtandaoni wa watengenezaji wa Raji wa mwaka 2017 haukufikia lengo, na timu yenyewe ilikuwa ndogo. Ufupi wa gemu nausamehe. Nisichokisamehe kwa urahisi ni gemu la Asura's Wrath ya Capcom, ya mwaka 2012, iliyochanganya Uhindu na Ubuddha, kisha sura za kuhitimisha hadithi zikauzwa kando. Pale fedha ilikuwepo.

Mjukuu wa Mombasa: Hapo nakubaliana nawe kabisa.

Mkongwe wa PS2: Kabla ya Raji kulikuwa na Hanuman: Boy Warrior ya mwaka 2009, iliyotengenezwa India kwa ajili ya PlayStation 2. Rajan Zed, kiongozi wa Kihindu aliyeko Marekani, alitaka iondolewe sokoni, akiona kwamba kumwendesha Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye sura ya nyani, kwa vitufe ni kumshusha hadhi. Raji imeikwepa hoja hiyo kwa busara: unayemwendesha ni binadamu, miungu inabaki kumkopesha silaha. Laiti wangeufikiria mfumo wa mapigano kwa makini hayo hayo.