Lami, wadudu wa ziwani na bodi yenye ukakasi: navitoaje bila kuharibu rangi?

Mdau wa Igoma
Wakuu, salaam. Gari ni IST nyeupe, kila wiki iko njia ya Mwanza–Geita. Chini ya milango na nyuma ya matairi kuna vidoa vyeusi vya lami, boneti imejaa mabaki ya wadudu wa ziwani, na bodi ukiipapasa inakwaruza kama msasa hata ikishaoshwa. Sabuni ya unga imeshindwa. Nimeshauriwa nipake thina. Ni sahihi?

Fundi Rangi Nyakato
Mkuu, thina usiiguse. Kweli inatoa lami, ila klia (tabaka angavu linalofunika rangi) nayo inalainika na kufubaa, hasa gari ikiwa ilishapigwa rangi mtaani. Sabuni ya unga acha pia, inaondoa nta yote na kuiacha bodi uchi.

Kwanza toa vumbi bila kugusa bodi. Vumbi la huku lina mchanga wa miamba, ni mgumu kuliko klia, ukipitisha kitambaa kikavu umeshachora. Mwagia maji kuanzia juu kwenda chini. Kama ni mashine ya presha, mdomo wake ukae angalau sentimita 30 kutoka kwenye bodi. Kisha ndoo mbili za lita 10: moja maji na shampuu ya gari kama mililita 40, nyingine maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kabla ya kukirudisha kwenye sabuni.

Lami inatoka kwa mafuta ya taa. Fanyia kivulini, bodi ikiwa baridi, mbali na moto. Lowesha kitambaa laini cha pamba, kibandike juu ya doa dakika mbili, usisugue. Utaona ukingo wa doa unaanza kutoa rangi ya kahawia kama chai. Hapo futa mara moja, uelekeo mmoja, geuza upande safi. Likigoma, rudia kulowesha. Nguvu ya mkono ndiyo inayoleta mikwaruzo. Osha kwa shampuu hapo hapo, maana mafuta yakibaki yanakamata vumbi upya. Yasikae kwenye raba za madirisha, zinavimba.

Nyegezi Auto
Naongezea wadudu. Wakitoka kwa wingi, hasa siku za mwezi kuandama, usiwaache hata siku moja juani: mabaki yao yakipata joto yanakula klia, linabaki kovu ambalo kuosha hakulitoi. Tandika taulo lililoloweshwa maji ya shampuu juu ya boneti dakika 10, likianza kukauka ongeza maji. Wanalainika na kutoka kwa kiganja tu. Brashi ya kufulia hapana!

Mdau wa Igoma
Asanteni sana. Na huo ukakasi? Naweza kupiga kampaundi?

Fundi Rangi Nyakato
Bado. Kampaundi ni dawa ya kusagia na kung'arishia, inakula klia yenyewe, na klia ni nyembamba kuliko unywele. Ukakasi ni vitu vilivyojishika juu yake: chembe za lami na vumbi la chuma la breki (kwenye nyeupe ni vinukta vya rangi ya kutu). Tafuta udongo wa kusafishia rangi, ule unaonyumbulika kama chingamu, kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Kata gramu 50, ubapaze, mwagia bodi maji ya shampuu yateleze, pitisha kwa mistari iliyonyooka eneo la nusu mita kwa nusu mita. Mwanzo unasikia unakwama. Ukianza kuteleza kimya, hapo pameisha. Ukunje upate uso safi. Ukidondoka chini, tupa, hata ukiuosha mchanga hautoki.

Kuhakiki, vaa kifuko chembamba cha mkate mkononi upapase. Vidole vinasikia zaidi kupitia nailoni. Kisha paka nta siku hiyo hiyo, kwa sababu udongo umeondoa ya zamani. Safari ijayo lami haitashika hivyo.

Nyegezi Auto
Na tafadhali, haya yote yasifanyike ufukweni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji ya bomba ya jiji yanavutwa humo humo, Capri Point. Vitambaa vyenye mafuta ya taa vianike nje vikauke kabisa, usivirundike ndani ya buti.

Mdau wa Igoma
Nimeelewa. Bampa ya mbele ilipigwa rangi upya mwezi jana, nayo niifanyie hivyo?

Fundi Rangi Nyakato
Hiyo iache kwa sasa. Osha kwa shampuu tu, mafuta ya taa na udongo subiri miezi miwili. Ukianza, jaribu kwanza kwenye kona ya chini: kitambaa kikitoka na weupe wa rangi, simama.