MREJESHO: Faili za nyumbani sasa nazifungua nikiwa Mwanza

Habari wakuu. Wiki iliyopita niliomba msaada: Synology yangu (kifaa cha kuhifadhi faili kinachounganishwa na mtandao wa nyumbani) yenye picha za wateja ipo nyumbani Tabata, mimi nipo kikazi Mwanza, na nikiwa nje ya Wi-Fi ya nyumbani siipati kabisa.

Nilianza na ushauri wa kufungua poti kwenye ruta, yaani mlango wa kupitisha mawasiliano kutoka nje. Ulikwama. Anwani ya intaneti iliyomo kwenye ruta inaanza na 100.72, wakati inayoonekana nje ni nyingine kabisa. Maana yake mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo hata ukifungua poti haifiki kwako. Aliyenionya nisiifungue poti 445 (ya kushirikishana faili, inayolengwa sana na wadukuzi) hata kama ingewezekana, asante sana ndugu yangu.

Kilichokubali ni Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao binafsi kupitia intaneti. Mdogo wangu aliiweka kwenye Synology huku nikimwelekeza kwa simu, nami nikaiweka kwenye laptop kwa akaunti ileile. Nikaandika anwani mpya ambayo Tailscale iliipa Synology, folda la "Harusi" likafunguka mbele ya macho yangu. Nilifurahi mno!

Video bado ni tatizo. Picha ya MB 6 inakuja ndani ya sekunde kadhaa, lakini video ya GB 4 ilichukua karibu saa 2, kwa sababu kasi ya kupandisha (upload) ya nyumbani ni Mbps 5 tu.

Pia kwenye Synology washeni ile sehemu ya kujiwasha yenyewe umeme ukirudi. Juzi ulikatika, ikabidi nimwamshe dogo usiku.

Shukrani sana wote mlionijibu.